Kenge wa Ntahangwa na salamanda wa China: umbo moja, ngozi mbili

BUJUMBURA. Mvua kubwa ikinyesha kwenye milima inayoitazama Bujumbura, mto Ntahangwa hushuka kwa kishindo na kubeba kila kilichokaa vibaya: mawe, magogo, migomba, chupa za plastiki. Mara mojamoja hubeba pia mnyama mrefu mwenye mkia mzito, ambaye maji yakipungua huonekana amejianika ukingoni akingoja jua. Hapo ndipo mabishano huanza Mutanga Sud.

Mtaa huu umekaa kando ya korongo la Ntahangwa, jirani na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, na watu wake ni mchanganyiko kama ulivyo mji wenyewe. Waliokulia Buyenzi au Bwiza, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani, husema bila kusita kuwa huyo ni kenge. Wengine hushikilia kuwa ni mtoto wa mamba aliyepanda kutoka ziwani. Na wapo vijana waliosoma kwa Kifaransa wanaosema ni salamanda, maana ndiyo picha ya kitabuni iliyowakaa kichwani: mwili mrefu, miguu minne mifupi, mkia, maji.

Picha za simu huzunguka, kila mtu na jina lake. Mara nyingi anayefunga mjadala ni mwenye fimbo au jiwe. Mnyama huuawa kwanza, jina hutafutwa baadaye.

Wenye jina sahihi ni watu wa Buyenzi. Burundi haina salamanda. Tanzania haina, wala Kenya, Uganda, Rwanda au Kongo. Kusini mwa Sahara hakuna salamanda hata mmoja wa asili anayeishi porini. Barani Afrika wapo kaskazini tu, katika misitu na mabwawa ya Morocco, Algeria na Tunisia. Waganda humwita kenge enswaswa, Wajaluo humwita ng'ech, na Waswahili wengine humwita mburukenge. Salamanda hatukuwahi kuhitaji jina lake, ndiyo maana hadi leo tunatumia la kuazima.

Hata hivyo kijana aliyesema salamanda hastahili kuchekwa. Mwaka 1726 daktari na msomi wa Uswisi, Johann Jakob Scheuchzer, alitangaza kuwa mifupa iliyogandamana kwenye jiwe ni ya binadamu aliyekufa katika Gharika ya Nuhu. Aliamini kuwa ameshika ushahidi wa Maandiko mkononi. Ilipita miaka 85 kabla Mfaransa Georges Cuvier hajalichokonoa jiwe lile na kuonyesha, mwaka 1811, kuwa huyo shahidi wa Gharika alikuwa salamanda mkubwa. Jiwe lenyewe lipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Teylers, mjini Haarlem, Uholanzi. Ikiwa msomi aliweza kumchanganya salamanda na mtu, kumchanganya na kenge ni kosa dogo.

Jamii ya salamanda yule bado ina ndugu walio hai, na hao ndio wanaofaa kuwekwa mizani moja na kenge wetu. Salamanda wengi ni wadogo, wanatosha kwenye kiganja. Lakini salamanda mkubwa wa China ndiye amfibia mkubwa kuliko wote duniani: anaweza kufika mita 1.8 na uzito wa karibu kilo 50. Yupo ndugu yake wa Japani anayefika mita 1.5. Kenge wa maji, yule anayepatikana kuanzia bonde la Nile hadi kusini mwa Afrika, mkubwa wake hupita mita mbili, ingawa wengi hawafiki hapo. Kwa urefu basi wanakaribiana. Kwa uzito salamanda anamwacha kenge mbali, maana kenge ana mwili wa mkimbiaji na theluthi mbili za urefu wake huenda ni mkia.

Hesabu vidole

Wa kwanza wa kutazamwa ni mguu wa mbele. Kenge ana vidole vitano, kila kimoja na ukucha mrefu uliopinda, na kwa kucha hizo hupanda mti, hupanda ukuta wa udongo, hufukua. Salamanda ana vidole vinne mbele na vitano nyuma, vyote laini, bila ukucha hata mmoja. Kama kilichokukwaruza kina kucha, si salamanda.

Halafu sikio. Waswahili husema kenge hasikii mpaka aone damu, na mtoto mkaidi huambiwa ana sikio la kenge. Kenge ameonewa. Ana tundu la sikio linaloonekana wazi nyuma ya jicho, na anasikia. Asiye na tundu la sikio kabisa ni salamanda. Yeye hupokea mitetemo kupitia mwili na maji. Methali ingemfaa zaidi huyo, ila babu zetu hawakumjua.

Ulimi nao. Wa kenge ni mrefu, umegawanyika mbele kama wa nyoka, na hutoka na kuingia mdomoni bila kupumzika. Hanusi kwa pua peke yake: ulimi hukusanya harufu na kuipeleka kwenye kiungo maalumu juu ya kaakaa. Watu wengi hudhani anapotoa ulimi anatema sumu. Salamanda mkubwa hufanya kinyume cha haya yote. Hulala chini ya mwamba mtoni, macho madogo yasiyo na kope, na samaki au kaa akipita karibu hufungua domo ghafla na maji huvutwa ndani pamoja na kitoweo.

Lakini tofauti ambayo nyingine zote zimetokana nayo ni ngozi.

Kenge amevaa magamba makavu. Maji hayapenyi kuingia wala kutoka kirahisi, kwa hiyo anaweza kushinda juani saa nzima kwenye jiwe la moto, akaingia mtoni, akatoka, akavuka barabara ya lami na kujificha kwenye kalavati. Hupumua kwa mapafu peke yake, tena mapafu ya hali ya juu. Mwishoni mwa mwaka 2013 watafiti waliandika katika jarida la Nature kuwa ndani ya mapafu ya kenge wa savana hewa huzunguka kwa mkondo wa upande mmoja, jambo lililojulikana kwa ndege na baadaye kwa mamba. Ndiyo maana kenge hukimbia kwa muda mrefu bila kuzimika kama mijusi wengine.

Salamanda mkubwa hana gamba. Ngozi yake ni tupu, ina ute, na pembeni mwa mwili imejikunja mikunjo mikunjo kama shuka isiyopigwa pasi. Mikunjo ile ina kazi: huongeza eneo la kunyonya oksijeni iliyomo majini. Mapafu anayo, lakini hewa yake nyingi huipata kwa ngozi. Tunaweza kusema mwili wake wote ni pafu, na pafu hilo liko nje, halina kifuniko.

Gharama yake ni kwamba anahitaji maji ya baridi, yanayotiririka na yaliyo safi. Maji yakipata joto, oksijeni hupungua naye huanza kubanwa. Yakiingia kemikali, hupita moja kwa moja mwilini. Ukimchukua mnyama huyo na kumweka Ntahangwa jinsi ulivyo leo, wenye tope la milima iliyokatwa miti na taka za mji, hangemaliza muda mrefu. Kenge anaishi humo, na mizoga na takataka zetu humpa chakula.

Ikumbukwe pia suala la sumu, kwa kuwa ndilo linalomwua kenge mitaani. Kenge wa maji hana sumu ya kumwua mtu. Ni kweli watafiti wamekuta tezi za protini zenye tabia ya sumu katika ukoo wake, na joka la Komodo wa Indonesia, ndugu yake mkubwa, ameandikwa sana kwa sababu hiyo. Lakini anayemkaribia kenge wa hapa akiwa amebanwa atachapwa mkia, atakwaruzwa, na akiumwa atapata kidonda kichafu kinachohitaji kusafishwa na kupelekwa zahanati. Hayo yanatosha kumfanya mtu akae mbali naye, bila kumtafutia jiwe. Sumu halisi ipo kwa salamanda mdogo wa Ulaya mwenye madoa ya manjano, ambaye hutoa ute wenye sumu mgongoni na shingoni. Wazungu wa zamani walidai huyo haungui kwa moto, na mfalme François wa Kwanza wa Ufaransa alimfanya nembo yake. Moto ulimwunguza kama kawaida. Alikuwa akijificha ndani ya magogo, na magogo yakitiwa jikoni alikimbia kutoka, watu wakadhani amezaliwa na ndimi za moto.

Wengine wa ngozi laini

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuuliza salamanda wa China anamhusu nini. Anamhusu kwa sababu Afrika Mashariki ina viumbe wake wa ngozi tupu, na yaliyowapata yanajulikana.

Chura wa Kihansi ndiye mfano mchungu. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, Tanzania: chura mdogo sana, anayezaa watoto walio hai, anayeishi ndani ya manyunyu ya maporomoko na si kwingine popote duniani. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakakatika. Mabomba ya kunyunyizia yaliwekwa. Kisha mwaka 2003 idadi ikaporomoka ghafla, na ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi za amfibia ni mmoja wa watuhumiwa wakuu. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa hayupo tena porini. Aliyewaokoa ni mpango wa kuwafuga Marekani, katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Walirudishwa Tanzania mwaka 2010 na kuanza kuachiliwa Kihansi miaka miwili baadaye. Tanzania ilihitaji umeme, hilo halina ubishi. Lakini hakuna aliyekuwa amefikiria kuwa mnyama anaweza kufa kwa kukosa ukungu wa maji hewani.

Na yupo ndugu mwingine wa salamanda ambaye tunaye lakini hatumtambui. Ni amfibia asiye na miguu, wa kufukua udongo, ambaye mkulima akimchimbua hudhani ni mnyoo mnene au nyoka kipofu. Katika milima ya Taita, Kenya, kuna mmoja ambaye mwaka 2006 aliwashangaza wanasayansi: mama hunenepesha tabaka la nje la ngozi yake, na watoto humng'ata na kulibandua, wakala. Hicho ndicho chakula chao. Rwanda nayo ina aina yake ya jamii hiyohiyo.

Kwa nini basi salamanda mwenye miguu hayupo huku? Ukoo wake ulikulia kwenye mabara ya kaskazini, na njia ya kuja kusini imezibwa na Sahara, ambayo kwa mnyama wa ngozi tupu ni kama bahari ya moto. Hata hivyo mlango haukuwa umefungwa siku zote. Sudan kumepatikana mabaki ya mnyama wa jamii ya salamanda aliyeishi enzi za dinosaria, naye akapewa jina la Kababisha, kutokana na Wakababishi, wafugaji wa ngamia wa eneo lile. Waliwahi kuwapo basi, jirani na mipaka ya Jumuiya ya leo, wakatoweka.

Nani yuko hatarini

Ukisikia maelezo haya utadhani kenge yuko salama na salamanda ndiye wa kuhurumiwa. Kwa kiasi ni kweli. Salamanda mkubwa wa China amewekwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, na biashara yake ya kimataifa imezuiwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES. Kati ya mwaka 2013 na 2016 watafiti walizunguka maeneo 97 ya mito katika majimbo 16 ya China wakimtafuta, na walimkuta katika maeneo manne tu.

Ajabu ni kwamba wakati huohuo China ina salamanda hao kwa mamilioni, kwenye mashamba ya ufugaji, kwa ajili ya meza za mahoteli. Serikali ilihimiza waachiliwe mitoni ili kuongeza idadi. Mwaka 2018 uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kuwa yule aliyedhaniwa mnyama mmoja ni aina tano au zaidi, kila moja na mto wake, na mashamba yalikuwa yamewachanganya. Kila kundi lililoachiliwa kwa nia njema lilipeleka damu ngeni, na pengine magonjwa, kwa wachache waliobaki. Maofisa wetu wanaopenda kupanda samaki wa kufugwa katika maziwa wangefanya vizuri kukisoma kisa hicho.

Kenge wa maji hayuko huko. Ni mgumu, tena kupita kiasi: huko Florida, Marekani, wale waliotoroka au kutupwa na wafugaji walianza kuonekana katika mji wa Cape Coral mnamo 1990, wakazaliana kando ya mifereji, na sasa wanawindwa kama waharibifu. Lakini ugumu wake ndio unaowafanya watu wasimhesabu. Ngozi yake, ileile iliyomkinga na jua na maji machafu, ndiyo bidhaa. Kwa miongo mingi ngozi za kenge zimetoka Afrika, kutoka nchi kama Chad na Mali, kwenda kutengenezwa mikanda ya saa, viatu na mikoba. CITES imemweka katika Kiambatisho cha Pili, maana yake biashara ya kuvuka mipaka inaruhusiwa ila kwa kibali. Burundi, Rwanda, Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zote ni wanachama wa mkataba huo.

Kwetu ngozi hiyo ina matumizi ya karibu zaidi. Engalabi, ngoma ndefu ya Waganda, huwambwa ngozi ya kenge. Orutu ya Wajaluo, ile zeze ya uzi mmoja, nayo hufunikwa ngozi yake. Mafundi wanasema hakuna ngozi nyingine inayotoa sauti ile kali. Ngoma za Burundi, zilizoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, huwambwa ngozi ya ng'ombe, kwa hiyo mpiga ngoma wa Gitega hana deni kwa kenge. Huo ni utamaduni wa heshima na sioni sababu ya kuupiga marufuku. Swali ni la hesabu: ngoma ya sherehe ya ukoo huwambwa mara moja ikadumu, ngoma ya kumuuzia mtalii hutengenezwa kila wiki. Jumuiya inayojadili ushuru wa mchele na chuma ingeweza pia kukaa chini na kuhesabu ngozi zinazovuka Malaba na Busia.

Upo na upande wa ziwa. Maji ya Tanganyika yamepanda kwa miaka kadhaa, na mwaka 2024 yaliingia nyumba na barabara za Gatumba na Kajaga, magharibi mwa mji. Viboko na mamba walisogea nayo. Kenge ana kazi katika mambo haya, maana ni mmoja wa wezi wakubwa wa mayai ya mamba. Humvizia mama akiacha kiota, hufukua, hula. Kwenye delta ya Rusizi, ambako mamba ni habari ya kweli kwa wavuvi na akina mama wanaochota maji, kila kenge anayepigwa jiwe ni mlaji mmoja wa mayai aliyepungua. Anakula pia konokono, kaa, panya na mizoga. Anakula vifaranga vya kuku, hilo lisifichwe, na mfugaji wa Mutanga Sud ana haki ya kukasirika. Banda lililofungwa vizuri jioni humzuia, kwa kuwa yeye ni mwindaji wa mchana.

Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyotokana na mkataba wa mwaka 2003 kati ya Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, ina makao yake hapahapa Bujumbura. Kazi yake kubwa ni samaki na udongo unaoporomokea ziwani, na korongo la Ntahangwa ni sehemu ya tatizo hilo la pili: kingo zimekuwa zikimeguka na kula viwanja na nyumba za watu. Kuta za mawe yaliyofungwa kwa waya zimejengwa kuzuia mmomonyoko. Ni kazi ya lazima.

Mahali pa kuzaliana ndipo kenge anapofungwa. Salamanda wa China hutaga mayai mamia kadhaa, yameungana kama tasbihi, ndani ya pango chini ya maji, na dume hukaa mlangoni akiyalinda mpaka yaanguliwe baada ya wiki saba au nane. Kenge jike hafanyi ulinzi wowote. Hutafuta kichuguu chenye mchwa walio hai, hukitoboa, huweka mayai yake, kumi na kitu hadi hata sitini, kisha huondoka moja kwa moja. Mchwa huziba tundu wenyewe. Ndani mna joto lisilobadilika na unyevu, na mayai hukaa humo miezi sita hadi tisa, mpaka mvua ilainishe udongo na watoto wachimbe kutoka.

Kwenye viwanja vinavyosafishwa kwa ujenzi juu ya Mutanga Sud, kuelekea milimani, kichuguu ndicho kitu cha kwanza kusawazishwa, na udongo wake husifiwa kwa matofali.